Daftari la Makosa ya Baba

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nimelianza kwa amri ya Kaka. Jana alipiga simu baada ya kusikia kwamba Baba aliacha bomba la jikoni wazi tena, akaniambia kwa ile sauti yake ya ofisini, "Mdogo wangu, tusibishane kwa hasira. Andika. Kila kosa lake, siku na saa. Mvua zikiisha nakuja, tunasoma pamoja, tunaamua." Kuamua maana yake ni kumpeleka Baba kwenye nyumba ya kulelea wazee iliyo karibu na kwake, yenye geti na ratiba. Sikumbishia. Ukweli ni kwamba nimechoka, na tangu Mama afariki mwaka jana nyumba hii imebaki na watu wawili, mmoja akisahau na mwingine akifuata nyuma kuzima, kufunga na kupangusa.

Kosa la leo: saa kumi na mbili asubuhi, bomba wazi, maji yanakwenda bure, Baba amesimama mbele yake anayatazama.

Jumatatu, 4 Machi

Bomba. Saa kumi na mbili na robo.

Jumanne, 5 Machi

Bomba tena. Nimelifunga bila kusema neno. Akanitazama kama mtu aliyekatizwa sala.

Ijumaa, 8 Machi

Kliniki. Daktari ni mama mmoja mpole, ana foleni mpaka nje ya mlango. Alimuuliza Baba siku, mwezi, jina langu. Siku alikosa, mwezi alikosa, jina langu alilipata baada ya kupitia kwanza la marehemu Mama. Halafu akaniambia mimi, "Mpatie kitu chenye uhai akitunze. Ila kisikimbie, wala kisiume." Nikamwambia hapo amebakiza mboga tu. Akacheka, akaita mgonjwa mwingine.

Mvua ikatukuta njiani. Tulijikinga dukani kwa Mama Vioo, ambaye upande mmoja anakata vioo vya madirisha na upande wa pili anauza samaki wa mapambo. Samaki wakubwa wa rangi Baba aliwapita tu. Alisimama mbele ya tangi dogo la pembeni lenye uduvi wekundu, wadogo kama punje ya mchele, na konokono wawili watatu. Uduvi walikuwa wanaokota vitu visivyoonekana, mikono mbele, mikono nyuma, hawapumziki. Mvua ilikatika, yeye yupo palepale. Kisha akatoa sentensi nzima, ya kwanza wiki hii:

"Hawa wanafanya kazi."

Jumamosi, 9 Machi

Nimelileta tangi. Ni la lita arobaini. Nimenunua pia changarawe, kichujio cha sponji, pampu ndogo ya hewa na mashada matatu ya majani ya majini. Wanyama sijapewa hata mmoja. Mama Vioo kagoma kuniuzia.

"Wiki nne, dada," alisema. "Tangi jipya linaua. Kuna vijidudu vizuri vinavyokula uchafu, lazima vizaliwe kwanza kwenye sponji na kwenye mawe. Kila baada ya siku mbili tupia chembe ya chakula cha samaki, vipate cha kula. Usisugue. Usiwe na mkono mwepesi wa kusafisha. Na maji ya kuongeza yalaze kwenye ndoo siku nzima, dawa ya maji ya mjini iruke."

Nilidhani Baba atakaa tu. Kumbe alipoona kuna maji, paipu na kitu kinachoweza kuvuja, fundi akaamka. Alitandaza gazeti chini ya tangi, akavuta kiti, akakaa nalo saa nzima kuona kama karatasi italowa. Haikulowa. Akakata mpira wa hewa kwa kisu changu, ukakatika sawasawa, bila kuacha nyuzi. Miaka arobaini ya kufunga mabomba ya watu, kazi ambayo sasa naifanya mimi, haijamtoka mikononi.

Kaka alipopiga nikamweleza. "Kwa hiyo umenunua maji," akasema.

Jumatatu, 11 Machi

Bomba.

Alhamisi, 14 Machi

Bomba. Pia kaniita kwa jina la Mama mara mbili. Nimeitika.

Jumatano, 20 Machi

Mvua siku ya tatu. Maji ya tangi yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Mama Vioo kasema ni kawaida, nisiguse.

Baba anauliza, "Samaki wamekwenda wapi?" Namjibu, "Bado hawajaja, Baba." Baada ya dakika kumi anauliza tena. Mara ya sita nilimjibu kwa ukali, "Wamekufa wote, umeridhika?" Alishika kingo za kiti, macho yakamjaa maji. Ilinichukua mchana kutwa kumtoa wazo hilo kichwani. Sijui kama hili naliandika kama kosa lake.

Jumapili, 31 Machi

Bomba. Nimehesabu: siku ishirini na nne kati ya ishirini na tisa. Hizo tano nyingine nilimwahi.

Maji ya tangi yametakata. Yanaonekana kama hayapo.

Jumamosi, 6 Aprili

Wamekuja. Uduvi kumi na konokono watatu.

Hawamwagwi tu ndani. Wanawekwa kwenye bakuli, kisha maji ya tangi yanadondoka humo kupitia mpira uliofungwa fundo, tone kwa tone, saa mbili nzima, miili yao izoee. Fundo nilifunga mimi, maji yakamiminika. Nikafunga tena, yakakata. Baba akaninyang'anya mpira, akafunga fundo lake, akalikaza kidogo kwa ukucha. Tone. Tone. Tone. Kila sekunde moja. Alikaa akihesabu kwa midomo bila sauti, wala hakuniuliza samaki wamekwenda wapi.

Konokono mkubwa alipotolewa alipanda kioo, akakizunguka chote, pembe kwa pembe, taratibu, bila kusema lolote. Baba akamtazama muda mrefu. "Huyu Mkaguzi," akasema. "Atazunguka kutwa, mwishoni atasema hati hazijakamilika." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumbuki lini nilicheka mwisho humu ndani.

Jumatano, 10 Aprili

Bomba, saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Nimekuta uduvi mmoja amelala kwenye changarawe, mweupe, mtupu. Nikatafuta kijiko nimtoe. Baba akainama karibu na kioo, akacheka. "Hajafa. Amevua ovaroli." Na kweli, lilikuwa ganda tu. Mwenyewe alikuwa nyuma ya jani, mwekundu kuliko jana.

Jumamosi, 13 Aprili

Bomba.

Mmoja wa majike ana mayai tumboni. Anayapepea kwa vijiguu vyake muda wote. Baba hataki kula mbali naye. Nimehamishia sahani yake kwenye stuli.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimefika mwisho.

Niliamka nikasikia maji. Baba alikuwa amefungua bomba la jikoni na kuondoka, amekaa mbele ya uduvi wake, na sinki lilikuwa limeziba kwa kitambaa. Maji yalishajaa jikoni, yamevuka kizingiti, yameingia sebuleni chini ya zulia. Niliteleza nikapigiza goti kwenye ngazi ya mlango. Nililia kwa maumivu, halafu nikalia kwa hasira, halafu nikapiga kelele ambazo jirani lazima alizisikia. Nilimwambia yeye ni fundi gani anayefurika nyumba yake mwenyewe. Nilimwambia Kaka ana haki. Yeye alitazama miguu yake iliyolowa, akasema, "Poleni." Kana kwamba nyumba ni ya watu wengine na yeye kapita tu.

Nimechukua bisibisi, nimeng'oa kishikio cha bomba. Sasa kinakaa mfukoni mwa ovaroli yangu, nami ndiye nitakayefungua asubuhi.

Jumanne, 16 Aprili

Niliamka nikamkuta amesimama mbele ya bomba. Mkono wake ulikuwa juu ya kile kijiti kitupu kilichobaki bila kishikio, unazunguka hewani. Aliuzungusha, akangoja, akauzungusha tena. Nikamwongoza kwenye kiti. Nikatoa kishikio mfukoni, nikakinga ndoo ya tangi, nikaiweka pembeni ilale. Nikajaza birika.

Hakuna kosa leo.

Jumatano, 17 Aprili

Hakuna kosa.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuna kosa. Kaka amefurahi. "Unaona? Ukimwekea mipaka anatulia."

Jumamosi, 20 Aprili

Uduvi mmoja amekufa. Huyu hakuvua ovaroli. Nilimtoa kwa kijiko kabla Baba hajaona.

Jumapili, 21 Aprili

Konokono wote watatu wamepanda juu ya usawa wa maji, wamejibana chini ya kifuniko. Nilisema labda wanapenda hewa. Baba akasema, "Wanayakimbia maji." Sikumsikiliza. Mtu aliyesahau mwezi atanifundisha nini kuhusu konokono?

Jumanne, 23 Aprili

Wawili tena. Mama Vioo aliwahi kuniambia wanyama wakidhoofika nibadilishe maji robo ya tangi, kwa hiyo nimebadilisha. Nitabadilisha tena kesho.

Alhamisi, 25 Aprili

Jike la mayai limekufa. Lilianguka kifudifudi chini ya jani, na vijiguu vilikuwa bado vinapepea kidogo nilipolikuta. Kisha vikaacha.

Na kwenye changarawe, karibu naye, nikaona kipande cha mkate kimevimba.

Naandika jinsi ilivyokuwa. Nilimgeukia Baba nikasema, "Wewe ndiye unayewaua. Unawatupia mkate, unawatia mikono, unawaua." Hakukana. Alinyoosha viganja vyake vyote viwili mbele yangu nivikague, kama mtoto anayetaka kuruhusiwa kukaa mezani. Vilikuwa safi. Nikakihamisha kiti chake chumbani kwake, nikafunga mlango wa sebule. Amekaa huko mchana wote akitazama ukuta, kama alivyokuwa akifanya mwezi mzima baada ya kumzika Mama.

Nimebadilisha nusu ya maji.

Ijumaa, 26 Aprili

Wawili. Konokono mmoja mdogo pia. Baba hajaingia sebuleni.

Jumapili, 28 Aprili

Mmoja tena, na konokono mwingine. Nabadilisha maji kila siku, na kila siku nakuta maiti. Mkate hakuna. Mkono wa Baba haupo. Mlango nimefunga mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili

Wamebaki uduvi watatu na Mkaguzi, naye kajifungia ndani ya gamba.

Kaka anakuja tarehe kumi na moja. Aliuliza, "Daftari limejaa?" Nikamwambia limejaa.

Alhamisi, 2 Mei

Nimetoka kazini mapema, nikapitia kwa Mama Vioo na chupa ya maji ya tangi. Alikuwa anakata kioo cha dirisha. Alinisikiliza bila kuinua macho, akauliza chakula, akauliza sabuni, akauliza dawa ya mbu. Yote hapana. Kisha akauliza, "Nyumbani paipu zenu za nini?"

Hapo nilinyoosha mgongo. Mwaka jana, baada ya msiba, niling'oa paipu zote za chuma zilizoliwa na kutu, nikafunga mpya peke yangu, kiungo kwa kiungo. Ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. "Shaba tupu," nikasema. "Nimezifunga mwenyewe."

Mama Vioo akaweka chini kisu cha kukatia vioo.

"Shaba, dada? Uduvi na konokono wanakufa kwa shaba kidogo mno, wewe huwezi hata kuionja. Paipu mpya ndiyo mbaya zaidi, na maji laini ya msimu huu wa mvua, yasiyo na chumvichumvi, yanailamba. Yakilala humo usiku kucha, yale ya kwanza kutoka asubuhi ni sumu kwao. Na kuyalaza kwenye ndoo hakusaidii, hiyo hairuki kama dawa."

"Mbona wiki ya kwanza walikaa vizuri? Paipu zilikuwa hizohizo."

"Hapo sasa sijui. Nyumba ni yako. Kuna kitu umebadilisha."

Nilirudi na mvua mgongoni. Sikuvua hata buti. Nilikaa mezani nikalifungua daftari hili nililoandika kwa uaminifu, siku na saa, kama Kaka alivyotaka.

Tarehe sita mpaka kumi na tano Aprili: bomba, bomba, bomba. Kila asubuhi maji yametoka bure kabla mimi sijakinga ndoo. Hajafa hata mmoja. Tarehe kumi na sita: hakuna kosa. Kumi na saba: hakuna kosa. Kumi na nane: hakuna kosa. Halafu wanaanza kufa. Na kadiri nilivyozidi kubadilisha maji, ndivyo walivyozidi kufa.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo nimelisahau mimi, si yeye. Nilikuwa na miaka kumi na minne, siku ya kwanza kumfuata kazini. Ilikuwa nyumba ya walimu, asubuhi, na mwenye nyumba akaomba maji ya kunywa. Nilikimbilia bomba. Baba akanishika mkono. "Yamelala hayo," akasema. "Yaache yaondoke kwanza. Hesabu mpaka mia mbili, ndipo umpe mtu." Maisha yangu yote nilidhani alikuwa anasema habari ya kutu. Nilipofunga shaba nikajua kutu haipo tena, nikaacha kuhesabu. Yeye hakuacha. Kila asubuhi aliamka kabla yangu akayatoa maji yaliyolala, ili mimi nijaze birika. Nami nilikuwa nyuma yake na kalamu.

Sijui kama alikuwa anajua anachofanya, au ni mikono tu iliyokuwa inakumbuka. Sitajua kamwe, na nimejua pia kwamba haibadilishi kitu.

Nilifungua mlango wa chumba chake. Nikapiga goti, lile lenye jeraha. "Baba, nisamehe." Alinitazama, akaona ovaroli, akaona bisibisi mkononi.

"Bomba limepona?" akauliza.

"Limepona," nikasema. Nikakirudisha kishikio mahali pake yeye akinishikia tochi. Halafu nikakirudisha kiti chake sebuleni.

Ijumaa, 3 Mei

Alifungua saa kumi na mbili. Nilisimama kando yake nikahesabu. Ilipofika mia mbili hakufunga. Alikuwa ameshakwenda mbali, macho yake yakiwa dirishani. Kwa hiyo nimefunga mimi. Ndivyo tutakavyokuwa tunafanya. Maji ya kwanza tunakinga kwenye beseni la kufulia.

Jumatano, 8 Mei

Uduvi watatu bado wapo. Mkaguzi ametoa pembe moja.

Baba hajanitambua leo tangu asubuhi. Mchana aliniuliza kwa upole, "Fundi, utaondoka saa ngapi? Mke wangu anataka kupumzika."

Jumamosi, 11 Mei

Kaka amefika na gari la kukodi na sanduku tupu la Baba. Nilimpa daftari nikaenda kupika.

Alilisoma kwa sauti mwanzoni, akitikisa kichwa. Alipofika katikati ya Aprili sauti ikapungua. Alipofika tarehe mbili Mei sikumsikia kabisa. Nilipotoka jikoni nilimkuta amelifunga, ameliweka juu ya goti, anamtazama Baba, na Baba anamtazama Mkaguzi.

"Lakini anasahau kweli," Kaka akasema. "Ile siku nyumba ilifurika. Kesho anaweza kuacha moto."

"Anasahau kweli," nikasema. "Na atazidi. Mimi sisemi amepona, Kaka. Nasema nimemwona."

Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Tumekubaliana kwamba nitapunguza kazi za mbali, naye atakuja kila mwezi kukaa naye siku nne ili mimi nipumzike. Akanirudishia daftari. "Endelea kuandika," akasema, "ila usiniletee tena mimi." Aliingia bafuni, akakaa humo muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Sanduku limebaki tupu nyuma ya mlango.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imekatika. Jua limeingia mpaka kwenye tangi.

Baba alichelewa kuamka, kwa hiyo nilifungua bomba mwenyewe nikaanza kuhesabu. Nilikuwa kwenye themanini nilipomsikia nyuma yangu. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma, kama bwana mwenye nyumba anayemwangalia fundi mgeni. Hakunijua. Aliyatazama maji yanavyokwenda, akanitazama mimi nisivyoyakinga.

"Fundi," akasema, "nani alikufundisha kuyaacha yatoke?"

"Baba yangu."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Huyo anajua kazi. Msalimie sana."

Nilikuwa nimefika mia mbili. Nilifunga bomba.

"Salamu zimefika, Baba," nikamwambia.